Mkanda wa Picha Thelathini na Tisa

Zamani mtu alisafiri kutwa nzima kuifuata picha moja. Siku hizi watu hupiga mia kabla ya chai, na ukiwauliza walikuwa wapi, inabidi kwanza watazame simu.

Fundi Subiri alikuwa wa zamani. Jina hilo alipewa na wateja wa studio yake, chumba kimoja chenye pazia jeusi na kigoda ambacho maharusi wa mtaa mzima walikikalia, kwa sababu hakubonyeza kitufe kabla ya kusema "subiri" mara tatu. Simu zilipoingia, studio ikafa kifo cha polepole, na pale penye pazia sasa panauzwa vifuniko vya simu hizo hizo. Alichobaki nacho ni Jumamosi zake. Tangu ujana wao, kila Jumamosi yeye na mkewe walipanda pikapu ya kijivu na chupa ya chai, wakazifuata barabara za vumbi za mashambani. Alipiga mabonde, mito iliyokauka, mashamba yaliyotoka kulimwa, mvua ikija kwa mbali. Kila mahali picha moja. Mbili ilikuwa ubadhirifu. Mkewe alikaa kwenye mlango wa gari akifuma, na asipokuwa anafuma alimtania.

"Wewe bwana, unalikodolea macho hilo wingu kama linakudai mahari."

Hizo ndizo zilizokuwa raha zao, na hawakutamani nyingine.

Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo hakuwahi kupapiga. Vilima vitatu, nyuma ya kijiji alikozaliwa mkewe. Walipita pale pengine mara hamsini. Mkewe aliomba picha ya vilima vyake tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, naye kila mara aliona kasoro: leo ukungu, leo jua liko utosini, leo nyasi zimechomwa. "Tutarudi," alisema. Miaka ikaenda. Mkewe akaacha kuomba, na kuacha kwake kuliuma kuliko kuomba.

Kisha mambo mawili yakaja kwa mguu mmoja. Daktari akamwambia fundi kuwa jicho la kulia limekwisha, na la kushoto lina miezi michache. Na kampuni ya kokoto ikavinunua vilima. Kijiji kikahamishwa, kila ukoo na njia yake. Habari zilisema kilima cha kwanza kimeshaliwa nusu, na cha kati kitaanza kupasuliwa Jumamosi.

Alikuwa na mkanda mmoja tu wa filamu, wa mwisho, aliouhifadhi kwenye friji miaka sita. Duka lililouza mikanda lilikuwa limefungwa zamani. Asubuhi ya Jumamosi hiyo aliuvalisha kwenye kamera gizani, ndani ya kabati la nguo, macho yake yasiyofaa kitu yakiwa yamefumbwa na vidole vikifanya kazi vyenyewe, kama vilivyofanya maisha yake yote. Mkewe alishika usukani, kwa kuwa fundi hakuruhusiwa tena kuendesha.

Walifika saa nane mchana. Mlinzi wa machimbo, kijana mwenye kofia ngumu ya njano, aliwasimamisha kwenye kamba iliyofunga njia.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Hapa mwisho. Saa kumi baruti."

"Marahaba mwanangu. Tunapiga picha tu, tunaondoka," alisema mkewe.

"Si mpige kwa simu, dakika moja mmalize?"

"Mwulize huyu," alisema mama. "Mimi nimeuliza miaka arobaini."

Fundi aliisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Wingu lilikuwa limelikalia jua. Zamani angesubiri. Leo aliogopa kusubiri, akapiga hivyo hivyo. Akasogea, akapiga. Jua likachungulia, akapiga tena, na tena, kwa pupa ile ile aliyokuwa akiwacheka wengine kwayo. Jicho halikumwambia kama vilima vimekaa sawa, basi akapiga kushoto, akapiga kulia, mkewe akimwelekeza: "Inua kidogo. Hapo umekata kichwa cha kile kilima kidogo." Kwa mara ya kwanza walikuwa wakipiga pamoja. Mama alicheka, na fundi alipousikia mcheko ule aliona hata kifo kinaweza kungoja nje.

"Nisomee namba," alisema. Kidirisha cha kuhesabia picha kilikuwa kidogo mno kwake.

"Thelathini na tisa."

Akaacha kupiga. Mkanda ni wa picha thelathini na sita.

"Soma vizuri."

"Nimesoma. Tatu na tisa. Kwani vipi?"

Kila mpiga picha wa mkanda anaijua hofu hiyo. Namba ikipita mwisho na mkono wa kuvutia filamu bado unaenda bila kukwama, maana yake filamu haikushika. Umepiga hewa kutwa nzima, na mkanda umelala kwenye kopo lake kama ulivyonunuliwa. Ulikuwa umebaki muda mdogo. Akiuvalisha upya sasa hivi, angepata picha tano, sita.

"Mzee, robo saa!" alipaza sauti mlinzi.

"Ngojangoja yako imetuumiza matumbo," alisema mama. "Fanya unalofanya, baba, fanya upesi."

Laiti angezungusha kishikizo cha kurudishia filamu, kidogo tu, kingemkazia na angejua kuwa imeshika. Hakuzungusha. Alifungua mgongo wa kamera juani.

Filamu ilikuwa imezunguka yote. Ilikuwa imeshika tangu picha ya kwanza. Hapo ndipo akakumbuka kabati la nguo: mkanda ukivalishwa gizani hupotezi ile ncha ya mwanzo inayoungua kwa mwanga, unapata picha mbili tatu za nyongeza. Ulikuwa ujanja wa mafundi wote wa studio, na vidole vyake vilikuwa vimeufanya bila kumwuliza. Katika Jumamosi zake za picha moja moja mkanda mmoja ulimkalia miezi, naye aliutoa namba ikifika thelathini na sita, hata hakuzoea kuiona ikipita.

Aliufunga mgongo haraka, kama mtu anayefunga mlango mwizi ameshatoka. Mwanga ulikuwa umekunywa kila kitu.

"Zimeharibika?" aliuliza mama.

"Zote."

 Mama alichukua miguu mitatu ya kamera, akaikunja vibaya, akaitupa nyuma ya gari. King'ora kikalia. Mlinzi akawapungia waondoke.

Kwenye kona ya juu ya barabara mama alisimamisha gari, akashuka, akaenda upande wa mumewe na kumfungulia.

"Shuka uvitazame, basi."

"Sioni vizuri kutoka hapa."

"Utaona utakachoona. Kwa yule mkubwa tulikuwa tunaokota kuni. Wa kati ndipo mama yangu aliponiita kwa sauti jua likizama, na sauti yake ilifika. Yule mdogo hatukupanda. Tulisema ni wa watoto watakaozaliwa."

Fundi alivikazia jicho lake moja mpaka likatoa machozi. Aliona migongo mitatu, mmoja umekatwa, yenye rangi ya majivu, ikicheza kama kitu kilicho chini ya maji.  Ardhi ikatikisika chini ya viatu vyao. Mgongo wa kati ukainuka kidogo, kama mtu anayetaka kuamka, kisha vumbi jeupe likapanda na kuvifunika vyote vitatu, na mama akaushika mkono wake kwa nguvu hadi ukamwuma.