Mama Pua na Vichupa Vinne

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mitungi ya kwanza ya maziwa bado haijafika kituoni. Mwanamke aliyevaa buti nyeupe za mpira amekaa peke yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho kafumba. Mbele yake kapanga vichupa vinne. Anafungua cha kwanza, anakisogeza puani, anahesabu moyoni mpaka ishirini, anakifunga, anaandika kwenye daftari.

Kahawa: hakuna. Karafuu: hakuna. Limau: hakuna. Sabuni: hakuna.

“Haya, leo pia wameninunia,” anasema, akiinuka huku kashika kiuno.

Hapa wanamwita Mama Pua, na jina hilo hakupewa kwa dhihaka. Kwa miaka kumi na tisa alisimama kwenye jukwaa la kupokelea maziwa, na kila mtungi uliofunguliwa, yeye ndiye aliyeinamisha uso kwanza. Laktomita hupima kama maziwa yametiwa maji. Spiriti huonyesha kama yameanza kuchacha. Lakini mtungi uliowekewa vitunguu jana, huo ni wa pua tu.

“Alikuwa anakuambia hata ng’ombe wako kala nini,” anasema meneja wa kituo. “Watu walikuwa wanaoga kabla ya kuja hapa, wallahi.”

Siku hizi anaosha mitungi, kati ya sitini na themanini kwa siku.

Mambo yalianza miaka miwili iliyopita, wiki moja baada ya kumzika mumewe, fundi viatu. Alishikwa na mafua makali. Mafua yalipopona, chakula kikawa kama karatasi mdomoni. Aliwaambia majirani, nao wakamfariji.

“Kila mtu ananiambia, ‘Pole dada, ni msiba huo, utapita.’ Nikaamini. Mimi nitajuaje mjane anatakiwa asikie harufu gani?”

Alirudi kazini hivyo hivyo. Akaona aibu kusema, maana mtu anayeitwa Mama Pua atasemaje hana pua? Akawa anainama kwenye mtungi kama zamani, halafu anamtazama mfugaji.

“Mwenye maziwa mabaya hakutazami usoni,” anasema. “Nikawa nanusa watu badala ya maziwa.”

Ujanja huo ulimfikisha miezi miwili. Ndipo akaja mfugaji wa siku zote, uso mkunjufu, asijue kwamba jana yake nyumbani walibebea mafuta ya taa kwenye mtungi wake. Laktomita ikasema sawa. Spiriti ikasema sawa. Mama Pua akainama, akainuka, akasema, “Mimina.”

Lita elfu mbili zilizokuwa kwenye tangi ziliishia mtaroni.

“Wenzangu wamesimama kule wameziba pua. Mimi niko pale pale juu ya tangi, nauliza, jamani, kuna nini?” Anacheka, kisha anageukia mitungi yake.

Kliniki, daktari aliandika neno moja kwenye kadi: anosmia. Akamfafanulia kuwa wasomi waliliunda kutokana na Kigiriki cha kale. “An” ni bila, “osme” ni harufu.

“Wifi yangu aliposikia akasema, ‘Jina zuri hilo! Kama la bibi harusi.’ Mimi nililia, lakini kwa furaha. Kumbe kuna mtu mahali fulani alikuwa na mgonjwa kama mimi, mpaka akakaa chini kumtafutia neno.”

Neno hilo lilimwokoa. Ukisema husikii harufu, anasema, wanakuita mzembe. Ukisema anosmia, wanakuuliza umeanza lini. Meneja aliisoma kadi mara mbili, akauliza kama inaambukiza, akamhamishia kwenye mitungi badala ya kumfukuza.

Lakini neno halikai na mtu jioni. Mama Pua huoga mara tatu kwa siku kwa hofu ya kunuka asijue. Kwenye benchi la chai hukaa mwisho kabisa, wenzake wakimwita asogee anajifanya hasikii. Hapiki kwa ajili ya mgeni tena. Kila Jumapili wifi yake, dada wa marehemu, huja kumnusia nyumba: chumba kwa chumba, sufuria kwa sufuria, mpaka kwenye kwapa za magauni.

“Akiondoka, naambiwa nyumba inanukia sabuni. Nashukuru. Ila ni kama kusomewa barua yako na mtu mwingine.”

Daktari alimfundisha zoezi la vichupa, asubuhi na jioni, bila kumwahidi kitu. Alimpa na maneno mengine mawili. Hyposmia: harufu imerudi, ila ndogo, “hypo” ni chini. Parosmia: imerudi, ila imepinda, kahawa inaweza kunuka mpira ulioungua.

“Hata hiyo iliyopinda naitaka. Siku kahawa ikininukia mzoga, nitapiga vigelegele hapa hapa kituoni, na watasema nimechizika.”

Ana sababu, nayo iko nyumbani, ndani ya sanduku chini ya kitanda. Ni shati la kazi la mumewe, ambalo alilikuta nyuma ya mlango halijafuliwa baada ya nguo nyingine zote kugawiwa. Kalifunga kwenye mifuko mitatu ya nailoni, fundo juu ya fundo. Gundi, ngozi, jasho; anavitaja kama majina ya ndugu. Hajalifungua hata mara moja, kwa sababu kila likifunguliwa, harufu kidogo itatoka, na yeye hana pua ya kuipokelea.

Nyumbani kwake, kalivuta sanduku hilo na kulifungua, anamtazama mwandishi wa habari hii. “Pua yako nzima?”

Mwandishi anaitika. Mama Pua anafungua fundo la kwanza. Anafungua la pili. Vidole vinasimama.

“Hapana,” anasema. “Ukimnusa wewe, utaondoka naye.”

Anafunga upya, na anaongeza fundo la nne. Mwandishi anamuuliza, na ikichukua miaka mingine? Harufu nayo huchoka.

“Najua. Siombi pua ile ya zamani, jukwaa wapewe vijana. Naomba hiyo ndogo tu, hyposmia, isiwe imepinda, basi. Siku hiyo nitafunga mlango nimfungue mwenyewe.” Analisukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu, polepole. “Na nikikuta hayupo, nitajua kweli hayupo. Sasa hivi sijui.”