Mhakiki wa Pili

Ofisi ya jarida ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme. Aliyekikalia ni katibu wa uhariri, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyependa nukta na mikato kuliko watu wengi aliowajua. Jarida lenyewe halikuwa na karatasi hata moja. Makala ziliingia kwa mtandao, zikaenda kwa wahakiki wawili wasiojulikana kwa mwandishi, na zikinusurika, hapo ndipo zilipochapishwa, mtandaoni pia.

Wahakiki ni adimu kuliko mvua ya kiangazi. Ukiwaomba, wengi hujifanya viziwi. Kwa hiyo mama hakuwa na moyo wa kufuta jina la yeyote, hata la profesa wa maji aliyekwisha kufariki, ambaye mama huyu alihudhuria maziko yake. Mtambo wa kompyuta uliowagawia wahakiki makala haukujua habari za maziko. Ilipokuja makala iliyosema kisima kipya cha mtaa fulani ni salama, ulimpelekea yeye.

Mtaani humo ndimo alimohamia mdogo wake mama, na watoto watatu.

Jumanne, saa nne asubuhi, jibu la marehemu likaingia: "Jedwali la tatu limenakiliwa kutoka kisima kingine. Maji haya yasinywewe."

Katibu akampigia mjane wa profesa.

"Shikamoo, mama. Kuna anayetumia kompyuta ya mzee?"

"Marahaba, mwanangu. Nani aitumie? Iko kabatini, chaji yake nilishaigawa."

Mhariri mkuu, alipopigiwa naye, alicheka simuni. "Wahuni wa mtandaoni hao. Futa, tafuta mwingine."

Tusimlaumu katibu haraka. Nani angependa kusimama mbele ya maprofesa na ushahidi wa kaburini? Aliogopa kuonekana amechanganyikiwa, akalifuta jibu pamoja na jina. Mhakiki mwingine akaipitisha makala kwa siku mbili, na Jumatatu ikachapishwa.

Jumatano, mchana kweupe, ukaja mstari mmoja kutoka anwani ileile: "Kwa nini umenifuta?"

Chumba kikawa baridi, na feni ilikuwa imezimwa. Akashika simu kwa mikono miwili, akampigia mdogo wake.

"Dada! Nilitaka kukupigia. Makala yenu imebandikwa pale bombani, leo tumefunguliwa maji. Watoto wamekunywa mpaka matumbo yanacheza!"

"Mwaga. Mwaga yote, uwapeleke hospitali sasa hivi."

"Makubwa! Nani kasema?"

Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kuficha jina la mhakiki, asilijue hata mwandishi. Sasa alilitaja lote, mpaka la babu.

Mdogo wake akauliza: "Si ndiye yule mliyemzika?"

"Ndiye," akasema, na machozi yakamtoka. "Alituambia mapema. Mimi ndiye niliyemfuta."