Shahidi wa Pili

Katibu wa watazama ndege wa Kishapu hunong'ona hata anapoagiza chapati pale Mhunze, utadhani zitaruka. Kila anayetuma habari ya ndege kwenye kundi la WhatsApp humuuliza kwa upole uleule: "Shahidi wa pili nani?" Juzi Agnetha, muuza nyanya, alisema ameona korongo taji shambani kwake. Alikuwa peke yake. "Orodha ya ndege wa wilaya si hadithi, mama," Katibu akamjibu, na Agnetha akameza uchungu.

Jumamosi walikwenda wote bwawani Songwa. Katibu alitangulia kwenye matete, kidole mdomoni, akiwanyamazisha hata waliokuwa kimya. Ghafla akapiga kelele kwa Kisukuma kama mchunga ng'ombe: "Mayu wee! Mdiria kibete!" Wenzake walipofika, matete yalikuwa yakitikisika tu. Ndege huyo alikuwa hajawahi kuandikwa kwenye orodha ya Kishapu. Katibu akageuka, machozi ya furaha yakimlengalenga. Hakuomba kitu, sheria ya shahidi wa pili aliitunga mwenyewe.

"Nani mwingine kamwona?" mmoja akauliza, kwa raha kidogo.

Agnetha alikuwa karibu kabisa nyuma ya Katibu, na alichoona ni uso tu wa mtu mzima aliyefurahi kama mtoto. Maneno ya kumlipizia alikuwa nayo tangu siku ile ya korongo. Akayaacha.

"Mimi," akasema. "Wa bluu, mdomo mwekundu. Vilevile kama kwenye kitabu cha ndege."

Katibu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kisha akawanong'oneza wenzake kwamba shahidi anatakiwa awe hivyo.