Presha ya Twiga na Kiti cha Mama Mkwe

Twiga hakuogopa urefu. Mwaka wa tisa huu alikuwa anaendesha kreni ya mnara, ile inayopandisha nondo kwenye maghorofa, na ofisi yake ilikuwa kiboksi cha vioo mita sitini kutoka ardhini. Upepo ukikitikisa, yeye anatafuna karanga. Jina alilipata kwa sababu ya huko juu, wala si kwa shingo; shingo hakuwa nayo.

Aliyemwogopa ni mtu mmoja tu, mama mkwe wake. Na kwa mkosi wake, mama huyo ndiye nesi mkuu wa zahanati inayopima afya za watu wa ujenzi.

Chanzo ni miwani. Siku Twiga alipokwenda kujitambulisha ukweni, alikalia miwani mipya ya mama. Kra! Sebule nzima ikasikia. Ni miaka saba sasa, na kila Twiga akitaka kukaa pale, mama anapapasa kwanza kiti, taratibu, kona kwa kona, kisha anasema, "Haya, kaa."

Mwaka huu cheti chake cha afya kilikwisha muda, akaenda zahanati. Mama akamfunga mkanda wa presha mkononi. Mia sitini na nane kwa mia moja. Akarudia. Mia sabini na mbili.

"Kwa hizi namba, mkwe wangu, kreni utaiangalia kwa chini. Wanakupa ufagio wa stoo."

"Mama, mimi mzima! Labda kuna bomba limeziba mahali. Si mlizibue tu?"

"Bomba!" Mama akavua miwani, jambo lililomzidishia Twiga jasho. "Mshipa wa damu si bomba la plastiki, baba. Ateri ina misuli kwenye ukuta wake. Ile midogo ikibana, presha inapanda; ikilegea, inashuka. Hapa shingoni, kama unayo, kuna walinzi wanaopima ukuta wa mshipa unavyovutika kila moyo unapopiga. Ukiinuka ghafla damu ikakimbilia miguuni, wanapeleka taarifa kwenye ubongo: moyo uongeze mwendo, mishipa ibane, bwana asianguke kama gunia. Halafu kuna figo. Hizo haziharakishi, zenyewe zinaamua chumvi na maji kiasi gani vibaki mwilini. Wewe na karanga zako za chumvi, figo zinakusubiri."

"Na mtu akishtuka?"

"Akishtuka, homoni zinamwagika kwenye damu, moyo unakimbia, mishipa inabana. Kwani hapa umeshtuka nini?"

"Sijashtuka, mama," alisema Twiga, shati limemganda mgongoni.

Daktari, kijana ambaye naye alikuwa anamwita nesi wake "mama" kwa sauti ya chini, akaleta suluhu. Twiga atavaa kipimo kwa saa ishirini na nne, kuanzia Ijumaa saa tisa mchana, kazini na nyumbani. Kila nusu saa kitambana mkono na kujiandikia namba. Yeye aandike kwenye daftari alikuwa anafanya nini. Wastani ukiwa mzuri, anapata cheti.

Ijumaa jioni, juu ya kreni, kipimo kilibana Twiga akipiga mluzi. Usiku kilibana akikoroma. Jumamosi ikafika, na Jumamosi watu wanakula kwa mama mkwe.

"Leo niache nipumzike," alimwambia mkewe.

"Baba Pacha, mama ameshapika. Ukamwambie mwenyewe kwamba huji."

Akaenda. Mama akapapasa kiti. Saa saba kamili, kipimo kikavuma vuuu, Twiga akaganda wima kando ya kiti. Kikavuma tena saa saba na nusu, kijiko mdomoni, na tena saa nane. Chooni, kwa siri, akajaza daftari.

Jumatatu daktari alisoma karatasi, mama amesimama nyuma yake.

"Kwenye kreni, mia ishirini na mbili. Usingizini, mia na sita. Safi sana. Wastani unapita. Ila Jumamosi saa saba, mia sabini na nne! Umeandika, 'Nabeba magunia ya mchele.'"

"Magunia gani?" mama akauliza. "Saa saba huyu alikuwa kwangu. Hajabeba hata sahani yake."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kama daftari ni la uongo, kipimo hiki hakifai. Siwezi kusaini."

Twiga aliona ufagio wa stoo, akaona na mtu mwingine ndani ya kiboksi chake akitafuna karanga. Akafumba macho.

"Nilikuwa nimesimama. Nasubiri mama amalize kupapasa kiti."

Mama akaanza kutikisika kwa kicheko, kwanza mabega, halafu tumbo, mpaka akashika meza.

"Miaka saba, baba? Miwani yenyewe ilikuwa ya mtumba!"

"Ulisema mipya, mama."

"Mipya kwangu! Daktari, saini. Mishipa yake inafanya kazi vizuri kabisa, inajua wa kumwogopa. Na wewe, karanga za chumvi marufuku."

Kesho yake Twiga alikuwa juu, cheti mfukoni, karanga zisizo na chumvi mdomoni, ladha ya mbao. Chini kabisa, ng'ambo ya barabara, mlango wa zahanati ukafunguka. Kikatoka kidoa cheupe, kikainua uso. Kikampungia.

Twiga akapunga. Halafu, bila kujua kwa nini, akainuka kidogo na kupapasa kiti chake.