Mkato wa Pili Usoni mwa Bundi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nyumbani kwetu upande wa Bomet, na mpaka leo nina hasira.

Marehemu baba alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja kule Kipkelion, akaachiwa naye sarafu ya fedha. Ilikuwa nene na nyeusi. Upande mmoja kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya vita, upande mwingine bundi mwenye mkato mmoja mgongoni. Baba alisema ni ya Wagiriki wa kale. Baba mdogo, ndugu yake, alimwita mwongo mbele ya watu mpaka tukamzika baba na jina hilo. Mimi nilitaka tu jina hilo litoke.

Nikauliza sokoni nani anajua sarafu za zamani. Mtu mmoja akatuma neno kwamba atakuja. Asubuhi hiyo mama akaisugua sarafu kwa mkaa tunaosugulia vibuyu vya maziwa mpaka ikawa nyeupe. Simlaumu. Nani humwonyesha mgeni kitu kichafu?

Mgeni alifika mvua ya mawe ikipiga, nguo zake kavu. Labda alijikinga kwa jirani. Siwezi kuapa.

Baba mdogo alipoiona alicheka hadi akamwaga chai. "Wee kijana, hii si imetoka kiwandani juzi! Baba yako alikuwa anatuonyesha kifuniko cha soda!"

Mgeni hakucheka. Akaupeleka ukingo kwenye mwanga, akitafuta mstari unaobaki sarafu ya bandia ikimiminwa kwenye kalibu. Akatafuta vitundu vya viputo. Akaipima kwa mizani ndogo.

"Weusi ndio uliokuwa shahidi wa umri wake," akamwambia mama, "na umeusugua. Lakini hii naijua. Mkato huu niliukata mimi, nikitafuta shaba ndani."

Akatia patasi yake mkatoni. Ikaingia sawasawa.

"Lini?" nikauliza.

"Ilipokuwa bado na joto la nyundo iliyoichapa."

Kisha akaigonga patasi, akakata mkato wa pili, usoni mwa bundi! Hata kuniuliza hakuniuliza! Nikamshika mkono, nikauachilia upesi kwa baridi yake. Akatoka, na mawe yale ya mvua hayakutoa sauti kwenye koti lake. Hakuchukua kitu, hilo lazima niliseme.

Sasa niambie, fedha ikikatwa leo, ndani si hung'aa? Sarafu nzima ilikuwa nyeupe, lakini mkato ule mpya ulikuwa mweusi tii. Baba mdogo aliutazama, akaacha chai yake, akaenda.

Nikampelekea sonara wa Kericho. Akasema sarafu ni ya kweli, ya kale sana. Nikamwambia mkato mmoja ni wa juzi.

"Yote miwili ni ya umri mmoja," akasema. "Kijana, mbona unanidanganya?"

Na baba mdogo, aliyeona kila kitu, akiulizwa anasema siku hiyo hakuwepo. Hamwiti tena baba yangu mwongo. Sasa ananiita mimi.

Kwa hivyo wewe mwenye kitu cha wazee, usikisugue. Na mgeni akija kukipima, kishike mwenyewe, umuulize kwanza alikijulia wapi.