Bunduki za Kabungu: nilisoma ile habari kwa watu nikijua picha si ya kwetu

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yalinitokea mwenyewe na kosa langu sijalipunguza.

Jumapili ile waliponiambia nisome, nilipaswa kukataa. Ningesema tu macho yananiuma, yakaisha.

Ilikuwa Kawajense, huku magharibi mwa nchi, miaka ya tisini, kampeni za vyama vingi zimepamba moto.

Nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la tumbaku. Kwa kuwa nilimaliza fomu foo, kila jarida likishuka na treni ya Tabora nililetewa mimi, niwasomee watu pale kwa fundi baiskeli. Wengi hawakujua kusoma. Walimwamini msomaji kuliko mwandishi.

Jarida lenyewe tabia yake nilishaijua. Chama kimoja kikifanya mkutano, "umati wafurika". Kingine kikifanya, "wahuni wakusanyika". Habari nyingi zilianza na "inasemekana", na aliyesema hatajwi.

Niliyaona yote hayo nikacheka tu, maana lilikipendelea chama changu.

Toleo la siku hiyo lilisema Warundi wa Kabungu, kijiji cha jirani, wameficha bunduki kwenye mashamba ya mihogo, wanasubiri uchaguzi wakisaidie chama kile kingine. Kulikuwa na picha: wanaume watatu wenye silaha mbele ya kibanda, wa katikati kavaa kiatu mguu mmoja.

Wakuu, kiatu kile nilishakiona.

Toleo lililotangulia lilikuwa na picha hiyohiyo, chini yake wameandika ni vita ya nchi nyingine kabisa. Nilikuwa nalo chumbani kwangu Nsemulwa, nimefunikia ndoo ya maji.

Nikasita katikati ya kusoma. Mzee Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, akanitania, "Vipi mwalimu, umeishiwa herufi?"

Watu wakacheka.

"Zipo, baba."

"Sasa hiyo ya bunduki ni kweli, au wanatutisha tu?"

Nikajibu, "Ingekuwa uongo, wangeichapisha?"

Nilitaka wakinyime kura chama kile kingine. Na niseme ukweli, nilipenda pia jinsi walivyonyamaza kunisikiliza.

Kabungu ndiko alikoolewa mdogo wangu, Leonia. Mumewe Ezekieli alikuwa mkulima wa maharage, wazazi wake walikimbilia huku kutoka Burundi. Nilijipa moyo kwamba Kabungu ni kubwa, na hayo ni maneno ya gazetini.

Asubuhi yake wanaume tisa walipanda baiskeli wakiwa na marungu, wakaenda kutafuta bunduki. Walianzia kwa Ezekieli kwa sababu nyumba yake ilikuwa barabarani.

Walikuta majembe mawili na panga.

Leonia alinisimulia kwamba mumewe aliwaambia, "Muulizeni shemeji yangu, karani wa tumbaku, ananijua."

Mmoja akamjibu, "Huyo huyo karani ndiye katusomea."

Wakampiga. Siku ya tatu akafia hospitali.

Msibani nilikwenda na matoleo yote mawili, niwaonyeshe watu kwamba tumedanganywa. Leonia akayashika, akatazama picha moja, akatazama ya pili.

"Kaka, hili la zamani ulikuwa nalo kabla hujawasomea?"

Nikasema ndiyo.

"Basi toka kwenye msiba wangu."

Nikatoka.

Nilichojifunza ni kwamba jarida linaloandika unachotaka kusikia ndilo la kukaguliwa zaidi. Uliza nani kasema. Uliza picha imepigwa wapi. Linganisha na walichoandika jana. Na usipojua, sema sijui, hata kama watu wamekukodolea macho.

Nyie wa siku hizi picha zinawafikia mkononi kila dakika. Niambieni mnazipimaje kabla ya kuzisambaza. Na anayetaka kunilaumu anilaumu, sitajibu kwa hasira.

Wapo watakaouliza nilifanywa nini. Sikushtakiwa. Kusoma gazeti si kosa.

Leonia alihama na watoto wake wanne, akaishi miaka mingi, hakunisemesha tena. Alipofariki nilipata habari ameshazikwa. Kwa baba na mama yetu tulizaliwa wawili tu.