Msamaha wa Kambare

Tangu saa za plastiki zijae mjini Moshi na kumkosesha kazi, fundi saa wa mtaa wa Majengo hushinda mtoni Mabogini akivua samaki. Vidole vyake huchomeka nyungunyungu kwenye ndoana taratibu, kana kwamba anarudisha springi ya saa. Masika yalipochafua mto, kambare mkubwa alimkatia mshipi. Mzee akamtukana hadi akina mama waliokuwa wakipalilia mpunga wakaziba masikio.

Juzi nilimkuta ameshika jani la isale, lile la kuombea msamaha kwetu Uchaggani.

"Shikamoo mzee. Umemkosea nani?"

"Marahaba. Yule kambare."

Akaliweka majini kwa mikono miwili. "Isale haikataliwi."

Mshipi aliokuwa ameutega kando ukacheza. Akavuta. Ndoana ilikuwa tupu, chambo kimeliwa.

"Amenisamehe," akasema, akachagua nyungunyungu mnene zaidi.